Kengele imelia, lakini nani ameitika?

Leo naomba mnivumilie kidogo, kwa maana nitawatoa kwenye tarakilishi na simu niwapeleke baharini, kwenye zile meli kubwa za mvuke zilizokuwa zikivusha abiria Atlantiki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nitawarudisha salama, msiwe na wasiwasi. Kilichonipeleka huko ni maziwa yaliyomwagwa, na aliyesababisha yamwagwe ni mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka minne iliyopita, shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi ikiwa bado inanukia wino, niliandikia ushirika mmoja wa wafugaji programu ndogo. Ushirika huo una tangi la kupozea maziwa, na mahali penyewe stima hupotea ovyo. Kwa hivyo tulifunga kisanduku ukutani karibu na jenereta, kisanduku chenye laini ya simu ndani yake. Stima ikipotea usiku, kisanduku kinamtumia msimamizi ujumbe. Msimamizi anabonyeza "Washa jenereta" kwenye simu yake akiwa kitandani, amri inasafiri, na simu inamjibu: "Jenereta imewashwa." Nilijivunia kazi ile. Niliwaonyesha hata marafiki.

Usiku mmoja stima ikapotea. Msimamizi akapata ujumbe, akabonyeza, akasoma "Jenereta imewashwa", akarudi kulala kama mtu aliyemaliza kazi yake. Asubuhi alipofika, jenereta ilikuwa baridi kama jiwe. Betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa. Maziwa ya jioni nzima, ya watu waliokamua kwa mikono yao na kuyabeba kwa baiskeli na pikipiki, yalikuwa yameharibika. Yakamwagwa.

Nilipoitwa kuchunguza, sikuchukua hata dakika kumi kupata kosa. Nilikuwa nimeandika ile sentensi itokee mara tu kisanduku kinapothibitisha kuwa kimepokea amri. Kisanduku kilipokea kweli. Jenereta haikuwaka. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na pengo, na katika pengo hilo mimi nilikuwa nimeweka neno "imewashwa".

Sasa, kwetu ukiitwa na mama unaitika "naam". Lakini kila mama anajua kwamba kuitika si kuja. Mtoto anaweza kuitika vizuri sana kutoka uwanjani na asiache mpira. Mama mwenye akili ana mambo matatu kichwani: nimeita, ameitika, amekuja. Mimi na shahada yangu nilikuwa na jambo moja tu.

Nilipoanza kusoma jinsi watu wa zamani walivyotatua shida ya kutoa amri kwa mashine usiyoiona, nikakutana na kifaa kinachoitwa telegrafu ya injini. Bila shaka umekiona kwenye sinema: nguzo fupi ya shaba yenye kichwa cha duara kama saa kubwa, na mkono ambao nahodha anausukuma mbele au nyuma huku kengele ikilia. Watu wengi hudhani ule mkono ndio unaoendesha meli, kama vile dereva anavyokanyaga mafuta. Hata kidogo. Ule mkono haukuwa umeunganishwa na injini kabisa. Uliunganishwa na mshale ulio mbele ya macho ya binadamu mwingine, chini kabisa ya meli, mahali pasipo na dirisha. Kilikuwa kifaa cha kuzungumza.

Na maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa, ni haya: wale mafundi wa karne ya 19 waliotengeneza kifaa hicho kwa minyororo na waya walielewa jambo ambalo sisi waandishi wa programu wa leo tunalipuuza kila siku. Walijua amri isiyoitikiwa si amri. Na mabaharia waliokitumia wakajifunza, wakati mwingine kwa damu, kwamba hata amri iliyoitikiwa bado haijatekelezwa.

Tuanze kabla ya telegrafu. Meli za kwanza za mvuke zilikuwa na magurudumu makubwa ya makasia ubavuni. Nahodha alisimama kwenye ubao uliokatiza kutoka gurudumu moja hadi jingine, na ndiyo sababu mpaka leo mahali pa kuongozea meli panaitwa daraja. Kutoka pale alipaza sauti. Kwenye vyombo vidogo vya mto Thames kule London, kijana alisimama juu ya tundu la chumba cha injini akirudia kwa sauti kali kila alichosema nahodha, ili fundi aliye chini asikie. Ilitosha kwa chombo kidogo kwenye maji matulivu. Meli zikakua, upepo wa bahari kuu ukawa mkali na injini zikawa na kelele. Sauti ya kijana haikutosha tena.

Wengine wakatumia kengele. Kwenye vyombo vya mvuke vya mito ya Marekani, rubani alivuta kamba na kengele ikalia kwa fundi. Lakini tazama jinsi lugha yenyewe ilivyokuwa: kengele moja, injini ikiwa imesimama, ilimaanisha nenda mbele. Kengele ile ile moja, injini ikiwa inaenda mbele, ilimaanisha simama. Maana ya amri ilitegemea hali ambayo rubani alidhani injini iko nayo. Kama fundi aliikosa kengele moja kwa sababu ya kelele, basi kuanzia hapo kila kengele iliyofuata ingeweza kueleweka kinyume. Rubani anasema simama, fundi anasikia nenda.

Wasomaji wa huku kwetu wataelewa haraka wakimfikiria makanga wa matatu anayegonga bodi. Anagonga, dereva anasimama. Anagonga tena, dereva anaondoka. Inafanya kazi kwa sababu wote wawili wako kwenye gari moja na wanahisi likisimama na likienda. Mchukue dereva umweke ghorofa sita chini ya makanga, bila dirisha, uone kama kugonga bodi kutatosha.

Na waandishi wa programu wenzangu, mmeshaitambua shida hii. Ni ule mtindo wa kutuma amri ya "geuza": kama taa imewaka izime, kama imezima iwashe. Ujumbe mmoja ukipotea, au ukifika mara mbili, pande mbili zinaachana na hazijui kuwa zimeachana.

Telegrafu ya injini ilikuja na fikra tofauti. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kampuni ya Chadburn ya Liverpool ilikuwa imepata jina kubwa kwa vifaa hivi, hata mabaharia wengi wakakiita kifaa chenyewe "Chadburn", kama vile mtu anavyosema Kiwi akimaanisha rangi ya viatu. Uso wa kifaa uligawanywa vipande. Upande mmoja maneno ya kwenda mbele: kasi kamili, nusu, polepole, polepole kabisa. Upande wa pili maneno yale yale ya kurudi nyuma. Katikati: simama. Na kulikuwa na mengine mawili ambayo nitayarudia: "kaa tayari" na "tumemaliza na injini".

Ofisa wa zamu alipousogeza mkono, gurudumu lenye meno ndani ya nguzo lilivuta mnyororo. Mnyororo uliunganishwa na waya zilizoshuka sitaha baada ya sitaha, zikipinda kwenye kapi kila kona, hadi chumba cha injini. Huko zilizungusha mshale kwenye uso unaofanana kabisa na ule wa juu, na kengele ikalia. Kengele ilikuwa ya kumshtua fundi ageuke. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwenye mshale.

Hiyo ni tofauti kubwa. Kengele ikishalia imepita, lakini mshale unabaki. Fundi aliyekuwa ameinama akipaka mafuta anainua kichwa na kuona amri ya mwisho ni ipi. Fundi wa zamu mpya anaingia na kuisoma bila kumuuliza mtu. Na "nusu mbele" ni nusu mbele, iwe injini imesimama au inaenda. Ukiituma mara mbili hakuna kinachoharibika. Vilevile maneno yalikuwa machache, kiasi kwamba hata kwenye moshi na mvuke hutakosea moja kwa jingine.

Kisha ndipo linapokuja jambo lililonifanya niandike makala haya. Fundi akishasoma amri, hakuruhusiwa kuifanya tu kimya kimya. Kifaa chake kilikuwa na mkono wake mwenyewe. Aliusogeza mpaka kwenye neno lile lile aliloona, na kwa kufanya hivyo waya nyingine ikapanda juu na kuzungusha mshale wa pili kwenye kifaa cha darajani, kengele ikalia huko pia. Ofisa sasa anaona mambo mawili kwenye uso mmoja: mkono wake unasema "polepole nyuma", na mshale wa jibu unasema "polepole nyuma". Vikifanana, ameeleweka. Visipofanana, au mshale ukikaa pale pale, anajua papo hapo kuwa kuna jambo.

Mtu wa haraka angeweza kusema: kwa nini kumsumbua fundi? Si wangeunganisha tu mshale wa chini na mshale wa jibu, ili jibu lirudi lenyewe? Ingekuwa rahisi na ingekuwa haraka. Na ingekuwa upuuzi. Jibu la namna hiyo lingethibitisha kitu kimoja tu, kwamba waya haijakatika. Lisingesema kama kuna mtu hai chini, kama yuko macho, kama ameisoma amri au amesoma nyingine. Mkono wa fundi ulikuwa lazima uwe katikati, kwa sababu kilichohitajika kujulikana darajani ni kama mtu ameelewa.

Rudini sasa kwenye kisanduku changu cha ukutani. Jibu lake lilikuwa la aina ile ya upuuzi. Lilisema waya haijakatika.

Nilisema nitarudia yale maneno mawili. "Kaa tayari" haikuamuru injini ifanye chochote. Ilimwambia fundi asogee karibu na magurudumu ya mvuke kwa sababu amri zinakuja. Meli ikiwa katikati ya bahari inaenda kwa kasi moja siku nzima, hakuna haja ya mtu kushika usukani wa mvuke muda wote, na kuigeuza injini kubwa ya mvuke irudi nyuma hakukuwa jambo la kubonyeza kitufe: ilibidi kufunga mvuke, kusogeza mitambo ya valvu upande wa pili, halafu kufungua mvuke tena. Amri ikifika wakati mafundi hawajajipanga, muda unapotea. "Tumemaliza na injini" nayo ilisema: meli imefungwa gatini, sasa mnaweza kuachilia kila kitu. Hawakuacha mtu akisie kama kazi imekwisha. Ni programu ngapi tunazoandika zinazojua kusema "jiandae", na ni ngapi zinazojua kusema "tumemaliza"?

Kulikuwa pia na desturi zilizozunguka kifaa. Kabla ya kung'oa nanga, telegrafu ilijaribiwa: mkono ulipitishwa kwenye maneno, na chini waliitika, ili kuona kama waya zimelegea na mshale unaangukia kati ya neno na neno. Saa za juu na chini zililinganishwa. Na chini katika chumba cha injini kulikuwa na daftari ambamo kila amri iliandikwa na saa yake. Leo tungesema ni logi. Msisahau daftari hilo.

Hadi hapo mtadhani nimekuja kukisifia kifaa tu. Lakini kilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri katika usiku wa tarehe 14 Aprili 1912.

Titanic ilikuwa na rafadha tatu, yaani zile parapela za nyuma zinazosukuma maji. Mbili za pembeni ziliendeshwa na injini kubwa za pistoni, ambazo zingeweza kugeuzwa zirudi nyuma. Ile ya katikati iliendeshwa na tabo ya mvuke, ambayo haikuweza kurudi nyuma hata kidogo. Saa 5 na dakika 40 usiku meli iligonga siwa barafu. Kutoka kuonwa kwa siwa hadi kugonga haikufika dakika moja. Ofisa wa zamu alikuwa William Murdoch, na alitumia telegrafu. Aliamuru nini?

Joseph Boxhall, ofisa wa nne, alieleza mbele ya tume za uchunguzi kwamba alipofika darajani aliiona telegrafu ikionyesha kasi kamili nyuma, na kwamba alimsikia Murdoch akimwambia nahodha hivyo hivyo. Frederick Barrett, kiongozi wa wachochea moto katika chumba cha boila namba 6, alisema alichoona yeye ni taa nyekundu ya "simama" kwenye kifaa cha wachochea moto, akapaza sauti wafunge milango ya hewa, na kishindo kikaja kabla hawajamaliza. Thomas Dillon, aliyekuwa chumba cha injini, alisema kengele ya telegrafu ililia sekunde chache kabla ya mgongano, injini zikasimama baadaye, kisha zikarudi nyuma polepole. Frederick Scott, mpaka mafuta, alisema amri aliyoiona ilikuwa "simama", na ilikuja baada ya kishindo.

Watu wanne walioapa, na picha zisizolingana. Mimi siamini kuwa kuna aliyekuwa akidanganya. Kila mmoja alikuwa kwenye sehemu yake ya mnyororo. Mmoja aliona amri iliyotolewa. Mwingine aliona amri iliyofika kwake. Mwingine alihisi kile injini ilichofanya. Haya ni mambo matatu tofauti, yenye saa tatu tofauti, na binadamu wakiulizwa baadaye huyasimulia kama jambo moja. Daftari la chumba cha injini lingeweza kutuambia, lakini lilizama na meli. Murdoch alikufa. Hakuna mhandisi hata mmoja wa meli ile aliyesalimika; walibaki chini wakiendesha pampu na stima. Takriban watu 1,500 waliangamia.

Sisemi telegrafu ndiyo iliyoizamisha Titanic. Hata kama kila mtu angeitika kwa wakati, meli kubwa namna ile yenye kasi ile haisimami kwa sekunde thelathini. Ninachosema ni kwamba mshale wa jibu ulisema "nimesikia". Haukusema "nimefanya", na haukuwa na uwezo wa kusema hivyo. Ofisa aliyetazama uso wa telegrafu na kuona mishale miwili imelingana alikuwa na haki ya kuamini kuwa ameeleweka, basi. Kujua kama rafadha zimegeuka, ilimbidi ahisi mtetemo miguuni au atazame maji nyuma tezini.

Mabaharia walilijua hilo, na kadiri miaka ilivyokwenda wakaliziba pengo. Meli zikawekewa kipimo darajani kinachoonyesha mhimili unazunguka mara ngapi kwa dakika na upande gani. Zikaja telegrafu zenye king'ora kinacholia endapo amri ni ya nyuma na fundi anaipeleka injini mbele. Sasa daraja lilikuwa na majibu matatu: nimeagiza, wameitika, imefanyika. Na la tatu halikutoka kwa mtu kusema. Lilitoka kwenye mhimili wenyewe.

Hata leo, ambapo ofisa huendesha injini moja kwa moja kutoka darajani, mkataba wa kimataifa wa SOLAS, ule uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1914 kwa sababu ya Titanic, bado unadai meli iwe na njia mbili zinazojitegemea za kupeleka amri kwenye injini, na moja yazo iwe telegrafu inayoonyesha amri na jibu, juu na chini pia. Kuna elektroniki za kila aina, lakini sheria bado inataka amri na jibu vionekane.

Na ukitaka kuona kinachotokea pale ambapo watu hawadai jibu, nenda Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987. Feri iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandarini milango ya mbele ya magari ikiwa wazi. Mfanyakazi aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Nahodha alipo hakuweza kuiona milango, na darajani hapakuwa na taa ya kumwonyesha. Utaratibu ulikuwa kwamba kama hakuna aliyeripoti tatizo, mambo yako sawa. Maji yakaingia, feri ikalala ubavu kwa dakika chache, watu 193 wakafa. Kabla ya hapo baadhi ya manahodha wa kampuni ile walikuwa wameomba zifungwe taa za kuonyesha hali ya milango, wakapuuzwa.

Kwetu tunasema kimya nacho ni jibu. Katika mapenzi labda. Katika mitambo, kimya ni kimya.

Haya, nimeahidi kuwarudisha kwenye tarakilishi. Wale waliounda mtandao hawakuwa wajinga. TCP, ile lugha ambayo tarakilishi hutumia kutumiana data kwenye intaneti, ambayo misingi yake ilichapishwa na Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, imejaa kuitikiana: kila kilichotumwa lazima upande wa pili useme umekipata, la sivyo kinatumwa tena. Lakini maelezo yake rasmi ya mwaka 1981 yanaonya wazi kwamba jibu hilo halina maana kwamba mtumiaji wa mwisho ameipata data. Maana yake ni kwamba TCP ya upande wa pili imeipokea dhamana ya kumfikishia. Yaani wenyewe walituambia: huu ni mshale wa jibu, si mhimili. Sisi tukaja, tukasoma haraka, tukaandika "imefaulu".

Chukua zile alama za vema kwenye WhatsApp. Moja, ujumbe umetoka kwako. Mbili, umefika kwenye simu yake. Zikigeuka buluu, ameusoma. Umemwomba rafiki nauli, alama zimekuwa buluu. Je, una nauli? Kila Mkenya anajua jibu. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba watu wa kawaida hawawezi kuelewa tofauti hizi. Wanazielewa kuliko sisi.

Mtazame mwenye duka. Ukimlipa kwa M-Pesa na kumwonyesha ujumbe kwenye simu yako, hakubali. Anasubiri ujumbe uingie kwenye simu yake, anatazama salio lake limepanda, ndipo anakupa sukari. Yeye hajasomea sayansi ya tarakilishi, lakini anatazama mhimili. Anajua pesa inathibitishwa pale ilipofika.

Najua wenzangu mtasema nini, kwa kuwa nilishayasikia ofisini. Mtasema mtumiaji hana subira, anataka aone "imefaulu" sasa hivi, na ukimwandikia "tunasubiri" atadhani programu ni mbovu. Mtasema kuongeza kihisi kwenye kila mtambo ni gharama. Mtasema mara nyingi mambo huenda sawa, kwa hiyo kwa nini kusumbuka?

Kuhusu subira, sijawaambia mumfungie mtumiaji asubiri. Mwambieni ukweli ulio nao kwa wakati huo. "Amri imetumwa" ni ukweli, na unaweza kuuonyesha kwa nusu sekunde. Kuhusu gharama, kweli kihisi kinagharimu, lakini kama huna kihisi basi usiandike sentensi ambayo kihisi pekee ndicho kingeweza kuisema. Maneno hayagharimu kitu. Na kuhusu mambo kwenda sawa mara nyingi, hapo ndipo hatari ilipo: usiku ambao kila kitu kiko sawa msimamizi hahitaji ujumbe wangu. Anauhitaji usiku ule mmoja ambao betri imekufa, na ndio usiku ambao programu yangu ilimdanganya.

Kuna hoja moja ambayo naikubali. Mtu anaweza kuitika bila kusoma, kama fundi aliyechoka anayesogeza mkono kwa mazoea. Kweli. Jibu la mkono wa binadamu linaweza kuwa tupu. Ndiyo maana nasema tunahitaji yote matatu, na ndiyo maana meli zilifika kwenye kipimo cha mhimili. Lakini hoja hiyo haimsaidii anayetaka kuacha jibu kabisa. Inamsaidia anayetaka kuongeza.

Ule mradi wa maziwa sikuuacha. Nilirudi kwa ushirika, nikaeleza mbele ya wanachama kwamba kosa ni langu wala si la msimamizi wao, ambaye tayari walikuwa wameanza kumtazama kwa jicho baya. Nililipa sehemu ya hasara kutoka kwenye malipo yangu. Kisha nikabadilisha programu. Sasa simu inaonyesha mistari mitatu. "Amri imetumwa." "Kisanduku kimepokea." Na wa tatu hautokei mpaka kihisi kidogo tulichofunga kwenye waya wa jenereta kione umeme unapita kweli: "Jenereta inatoa umeme." Mstari wa tatu ukikawia dakika mbili, simu inalia kama kichaa, na haitulii mpaka msimamizi aguse kitufe cha kusema ameamka na anaenda.

Kihisi chenyewe hakikuwa ghali. Pesa zilizomwagika na maziwa ya usiku ule zingenunua kadhaa.

Mwezi uliopita msimamizi alinipigia simu. Jenereta ilikataa tena kuwaka, saa 8 usiku, safari hii mafuta yalikuwa yamekwisha. Mstari wa tatu haukutokea, simu ikalia, akaamka, akachukua pikipiki na jerikeni. Maziwa yakapona. Alikuwa amepiga kulalamika kwamba mlio wa simu ulimwamsha mtoto, akaniuliza kama naweza kuupunguza.

Nikamwambia samahani sana mzee wangu, hapana.